Malipo ya mhandisi yanaishia pale jengo linapoanzia

"Mwanangu, ghorofa moja unachaji ngapi?"

Katika kazi yangu ya uhandisi wa miundo hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo. Anayeuliza kwa kawaida ni mtu aliyehangaika miaka kukipata kiwanja, ana hati mkononi, na mbunifu majengo ameshamchorea ramani nzuri yenye rangi na miti. Jirani yake alichajiwa laki nne kwa kila ghorofa. Kwingine amesikia laki sita. Nikimwambia ngoja kwanza nikione kiwanja, nijue udongo wake ukoje na jengo atalipandisha kwa muda gani, anahisi nazunguka ili nipate upenyo wa kumpandishia bei.

Simlaumu. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuuliza hivyo. Tumeuza ghorofa kama fundi cherehani anavyouza suruali, tukaizoesha miji yetu kuamini kwamba kinachonunuliwa ni karatasi: michoro yenye muhuri inapelekwa halmashauri, inarudi na kibali, basi. Wahandisi tukikutana tunalalamikia kiasi cha ada, kwamba ni kidogo. Ni kweli ni kidogo. Lakini kasoro kubwa zaidi naiona kwenye tarehe. Malipo ya mhandisi yanakoma siku kibali kinapotoka, na kibali kinatoka kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Nianze hata hivyo na hiyo bei ya ghorofa, maana ikichambuliwa inaonyesha mengi. Tuseme jengo lina ghorofa tatu juu ya ile ya chini, na bei ni laki tano kwa kila sakafu. Nne mara laki tano, milioni mbili. Sasa tazama upande wa ofisi. Mhandisi aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa miaka kadhaa, tuseme analipwa milioni 3 kwa mwezi. Mwezi una siku 22 za kazi, kwa hiyo siku yake moja ni kama shilingi 136,000. Huo ni mshahara mtupu. Ofisi inalipa pango, umeme, leseni ya programu ya kukokotoa, mchoraji, ada ya mwaka ya bodi ya wahandisi, bima kama ipo, na siku zile ambazo mhandisi yupo ofisini lakini hakuna mteja wa kubeba gharama yake. Ndiyo maana ofisi za ushauri, hapa na kwingineko, huzidisha mshahara kabla ya kuuza muda: mara 2, mara 2.5, mara 3. Kwa 2.5, siku ya mhandisi huyu inauzwa kama 340,000. Gawanya milioni mbili kwa hiyo. Unapata siku sita, tena hazijatimia.

Mteja wetu, bila kujua, amenunua siku sita. Ndani ya siku hizo mhandisi apange nguzo na mbunifu, akokotoe mizigo, asanifu majamvi (yaani sakafu za zege), mihimili, ngazi, nguzo na misingi, aangalie upepo, achore nondo zote na kuandika orodha ya ukataji wake. Kwa uzoefu wangu jengo kama hili likifanywa sawasawa linakula wiki tatu hadi nne. Hivyo kuna kitu lazima kikatwe, na mteja hataambiwa ni kipi.

Mara nyingi kinachokatwa ni hesabu. Mhandisi anachukua jengo la mwaka jana linalofanana na hili, anabadilisha jina na vipimo, na ili apate usingizi anaongeza unene kila mahali. Jamvi ambalo lingetosha kwa milimita 150 linaandikwa 200. Pale ambapo nondo ya milimita 12 ingefaa inaandikwa ya 16. Mteja anaiona hiyo kama neema, "injinia wangu kaweka chuma cha kutosha." Lakini tupige hesabu. Sakafu ya mita 20 kwa 15 ina mita za mraba 300. Milimita 50 za ziada ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa majamvi manne ni 60. Kila mita moja ya ujazo hula mifuko kama saba ya saruji, hivyo ni mifuko 420. Weka shilingi 16,000 kwa mfuko, umeshafika milioni 6.7 kwa saruji peke yake, bila kokoto, mchanga, maji na vibarua. Na zege hilo la ziada lina uzito wa tani zipatazo 144 ambazo nguzo lazima zizibebe na bezi, vile vitako vya nguzo ardhini, zizipokee, kwa hiyo nazo zinanenepa. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa mita, ya 12 ina kilo 0.89. Tofauti hiyo iko kwenye kila mita ya chuma iliyoandikwa kwa woga. Mteja aliyeokoa kama milioni nne kwenye ada, kwa kununua siku sita badala ya wiki tatu hadi nne, amezilipa dukani kwa muuza saruji na nondo, na akaongeza nyingine juu yake.

Na huo ni upande wa heri. Upande wa shari ni pale jengo la mwaka jana lilipokuwa kwenye udongo mgumu na hili liko bondeni. Mteja akikataa kulipia upimaji wa udongo, mhandisi wa siku sita anaandika tu uwezo wa udongo kubeba mzigo kuwa kilonewtoni 150 kwa mita ya mraba, namba ambayo nimeikuta kwenye michoro mingi ya viwanja ambavyo hakuna aliyevichimba hata shimo moja. Udongo haujui kwamba umeandikiwa hivyo.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye asilimia: ada iwe sehemu ya gharama ya ujenzi, na asilimia yenyewe ishuke kadiri jengo linavyokuwa kubwa, kwa kuwa jengo la bilioni kumi halina kazi mara kumi ya lile la bilioni moja. Utaratibu huo una umri mrefu na una faida moja ya kweli. Mteja anauelewa, na mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi. Mimi siupendi. Kwanza, asilimia ya gharama ipi? Ya makadirio ya mkadiriaji majenzi, ya bei aliyoshinda nayo mkandarasi, au ya kile kilichotumika mpaka mwisho? Nimeshuhudia urafiki ukivunjika kwa sababu mkataba haukusema. Pili, simjui mhandisi anayeongeza nondo makusudi ili ada ipande, lakini utaratibu unaompunguzia malipo yule aliyekaa wiki nzima akiondoa tani kumi za chuma kwenye jengo la mteja wake una walakini. Tatu, ugumu wa kazi hauendi na bei. Nyumba ndogo kwenye bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam inaweza kumtoa mhandisi jasho kuliko ghala kubwa lililokaa juu ya mwamba.

Bei ya jumla iliyokubaliwa mapema ni nzuri pale kazi inapojulikana mipaka yake, na kwa usanifu wa jengo jipya mimi ndiyo ninayoitumia. Ila ikae na orodha: michoro gani, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na mteja akiongeza ghorofa njiani hesabu inaanzia wapi. Wengi wetu tunaona aibu kuandika hayo. Tunaona kama tunamtilia shaka mzee wa watu aliyetukaribisha chai. Halafu mwezi wa tatu mzee anataka ghorofa ya tano, nguzo zimeshasimama, na kila mmoja anamwona mwenzake mkorofi.

Kuna jambo jingine linalochukua sehemu ya ada kimyakimya. Mara nyingi mteja hamjui kabisa mhandisi. Anamjua mbunifu majengo, wamekubaliana bei moja ya "ramani zote", na mbunifu ndiye anayemtafuta mhandisi na kumpa kilichobaki, tena kwa masharti ya nikilipwa nitakulipa. Wapo wabunifu waungwana sana katika hili, na nimefanya nao kazi miaka mingi. Lakini mpangilio wenyewe ni mbaya. Mhandisi anayelipwa na mbunifu anaona tabu kumwambia mbunifu huyohuyo kwamba ukumbi usio na nguzo wa mita 12 hauwezekani kwa unene wa jamvi aliouchora. Na mwenye nyumba, siku ukuta unapopasuka, hana namba ya simu ya mtu aliyekokotoa nyumba yake. Ningekuwa mteja ningetaka barua mbili za makubaliano, mbunifu na yake, mhandisi na yake, na kila mmoja anilipishe mwenyewe kwa ankara yake. Risiti nayo idaiwe. Anayekupunguzia bei ili asitoe risiti anakuachia pia kazi isiyo na ushahidi kwamba aliwahi kuifanya.

Sasa nirudi kwenye tarehe.

Mwaka juzi fundi mmoja alinipigia Ijumaa saa mbili usiku. "Injinia, kesho asubuhi tunamwaga jamvi la kwanza, tajiri amesema nikutaarifu tu." Jengo lenyewe niliimaliza michoro yake miezi 14 nyuma. Nililipwa yote, kibali kikatoka, mama mwenye nyumba akanishukuru, nami nikafunga jalada. Mkataba wangu haukuwa na neno hata moja kuhusu saiti. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na safari ya upande ule. Nondo za jamvi zilikuwa zimefungwa vizuri, nafasi sawa, ringi za mihimili sawa. Nikapanda upande wa kibaraza kile kinachoning'inia mbele, mita moja na nusu nje ya ukuta. Nondo zote zilikuwa zimelala chini.

Kwa msomaji ambaye si wa fani, nieleze. Jamvi la kawaida limeegemea pande zote, likibebeshwa mzigo linapinda katikati kwenda chini, kwa hiyo upande wake wa chini ndio unaovutika, na huko ndiko chuma kinakokaa. Kibaraza kinachoning'inia kimeshikwa upande mmoja tu. Watu wakisimama juu yake ncha inashuka, na upande unaovutika unakuwa ule wa juu. Chuma kikikaa chini ni sawa na hakipo. Zege haliwezi kuvutwa, linakatika bila kuonya. Fundi yule hakuwa mzembe. Amefunga majamvi miaka 20, na majamvi aliyofunga nondo zake hukaa chini. Mchoro wangu ulionyesha nondo za juu kwa mstari mmoja, kwenye karatasi ya nne, na karatasi ya nne ilikuwa imebaki nyumbani kwa mama.

Tulizipandisha, tukaweka viti vya chuma vya kuzishikilia, zege likamwagwa saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi. Kibaraza kipo, wanaanika nguo juu yake. Mimi nimekuwa nikikirudia kichwani tangu siku ile, kwa sababu hesabu yangu ilikuwa sahihi, mchoro wangu ulikuwa sahihi, muhuri ulikuwa halali, ada ililipwa kwa wakati, na bado usalama wa watu ulitegemea kwamba Jumamosi ile nilikuwa na safari.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City nchini Marekani, njia za kupita watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi ziliporomoka wakati wa sherehe ya dansi, wakafa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma kutoka kwenye paa, zikipita kwenye njia ya juu na kushuka hadi ya chini. Wakati wa utengenezaji kila fimbo ikagawanywa kuwa mbili, ya chini ikaning'inia kwenye njia ya juu, na kiungo cha njia ya juu kikabeba mzigo maradufu. Hakuna aliyekokotoa upya. Wahandisi wawili walifutiwa leseni, na walistahili kubeba lawama ya kupitisha michoro ile. Lakini katika historia ya mradi huo limo pia hili: ofisi ya wahandisi ilikuwa imeomba kuweka mwakilishi wake saiti, na mwenye mradi akakataa kwa sababu ya gharama. Nalitaja kwa kuwa ninalijua sentensi kwa sentensi kutoka hapahapa Dar es Salaam. "Usimamizi wa nini tena, injinia, si umeshachora?"

Wajerumani walikuwa na amri ya ada za wabunifu na wahandisi tangu 1977, nayo inagawa kazi kwa hatua na kila hatua ina fungu lake. Katika mgawanyo wa 2013, mbunifu majengo akifika kwenye kibali anakuwa amestahili asilimia 27 tu ya ada yake yote, na kusimamia ujenzi peke yake kuna asilimia 32. Kwa mhandisi wa miundo, kufikia kibali ni asilimia 58, halafu 40 nyingine ni za michoro ya utekelezaji, ile ya nondo moja moja, inayotolewa kibali kikishapatikana. Kukagua nondo saiti kunalipiwa mbali. Sipendekezi tunakili amri ile. Ninachokitamani ni mgawanyo wake: fedha inamfuata mhandisi mpaka kwenye zege. Kwetu sisi asilimia mia moja imelala upande wa kibali.

Mtu atasema halmashauri inakagua. Inakagua, na wapo wakaguzi wanaofanya kazi kwa moyo, lakini mkaguzi mmoja mwenye kata nzima hawezi kuwa kwenye kila jamvi asubuhi ya kumwaga. Tena yeye hajui kwa nini nguzo ya kona niliipa nondo nane na si sita. Mimi najua.

Ugumu halisi uko kwenye jinsi tunavyojenga. Mikataba ya usimamizi iliyoandikwa vitabuni inadhani jengo lina mkandarasi mmoja, fedha ya benki na miezi 12. Mikataba ya namna hiyo inamlipa mhandisi kwa mwezi. Mwenye nyumba wetu anadunduliza. Msingi anaumwaga mwaka huu kwa pesa ya mchezo, nguzo mwakani zao likiuzwa, jamvi la kwanza baada ya miaka miwili ndugu akituma kutoka Muscat au Minneapolis. Katikati ya hapo saiti imelala, nondo za stata, zile zilizoachwa zimechomoza ili kuendelezea nguzo, zinashika kutu, mafundi wamebadilika mara tatu. Ukimwambia mtu huyu akulipe kila mwezi kwa miaka sita, hata mimi ningemcheka anayekubali.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wachache tumeanza kulipisha kwa zege. Ada ya usanifu inabaki pale pale, bei ya jumla. Halafu barua inaorodhesha zege kubwa zote za jengo: bezi na mihimili ya chini, nguzo za kila ghorofa, jamvi la kila ghorofa, ngazi, tangi la juu. Kila moja ina bei yake ya ziara mbili. Ziara ya kwanza ni siku mbili au tatu kabla, nondo zikiwa zimefungwa na fomu ya mbao ya kumwagia zege imesimama, ili kama kuna la kubadilisha kuwe na muda. Ya pili ni siku ya kumwaga. Baada ya hapo natoa karatasi moja iliyosainiwa, yenye tarehe na picha, kwamba nimeona na nimeruhusu. Mteja analipa zege linapofika, si kabla. Likikaa miaka mitatu bila kufika, hadaiwi chochote isipokuwa bei inahesabiwa upya. Kwa jengo la ghorofa tatu, ziara zote zikijumlishwa zinakaribia nusu ya ada ya usanifu, nyingine zinaizidi nusu hiyo kama saiti iko mbali. Wapo wanaokataa. Waliokubali, hakuna hata mmoja aliyeniambia baadaye kwamba alipoteza fedha, kwa sababu karibu kila ziara ya kwanza huwa inapata kitu: ringi zimeachana mno kwenye kichwa cha nguzo, bomba la choo limepitishwa katikati ya boriti, mirunda imeegemezwa kwenye kifusi.

Majengo ya zamani yana hesabu tofauti kabisa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, na taarifa za siku zile zilieleza kwamba chini yake kulikuwa na kazi ya kuchimba kuongeza nafasi. Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Wiki zilizofuata simu zilikuwa nyingi: "Injinia, njoo uliangalie jengo langu, utanichaji ngapi?" Watu walikuwa na hofu ya haki, na baadhi yetu, lazima niseme, tuliwatendea vibaya. Kuna waliokwenda, wakazunguka nusu saa, wakaandika barua ya ukurasa mmoja kwamba jengo liko imara, wakachukua laki mbili. Barua ile ni ya hatari kuliko kutokuwa na barua.

Jengo la zamani halina michoro. Hujui ndani ya nguzo mna nondo ngapi mpaka uipime kwa kifaa cha kutafuta chuma, halafu uchimbue mahali pachache kuhakikisha. Hujui nguvu ya zege mpaka utoboe vipande vikavunjwe maabara. Kile kinyundo cha kupiga juu ya zege kinakupa fununu ya ugumu wa ngozi yake, hakikupi jibu. Unaanza kazi bila kujua itaishia wapi, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuuzwa kwa bei ya jumla wala kwa ghorofa. Inauzwa kwa siku, pamoja na gharama za maabara kwa risiti, na kikomo kinachokubaliwa kwamba fedha ikifika hapa tunakaa tuzungumze kwanza. Mhandisi anayekubali bei ya jumla kukagua jengo la Kariakoo amejiwekea sababu ya kuacha kutafuta.

Wenzangu wengi wanataka Bodi ya Usajili wa Wahandisi iweke bei ya chini ya lazima, anayechaji pungufu aadhibiwe. Nawaelewa. Bei ya chini imejaribiwa kwingine. Marekani chama cha wahandisi, NSPE, kiliwakataza wanachama kushindana kwa bei, kikitetea kwamba ushindani huo utaleta kazi duni na kuhatarisha watu. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaikataa hoja hiyo, ikasema katazo linavunja sheria ya ushindani. Ile amri ya Ujerumani nayo, mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba viwango vyake vya lazima vya chini na juu vinapingana na sheria ya huduma ya Umoja wa Ulaya, na tangu 2021 vimebaki mwongozo tu. Sheria zetu si zao. Lakini nina sababu ya karibu zaidi ya kutokuiamini bei ya chini: itaongeza fedha upande uleule wa kibali. Mhandisi atalipwa milioni tano badala ya mbili, atagonga muhuri uleule, na Jumamosi ya zege hatakuwapo.

Bodi na halmashauri zina kitu chepesi zaidi cha kufanya. Fomu ya kibali iulize nani atasimama kwenye kila zege, na iambatanishwe na makubaliano ya malipo yake, yaliyosainiwa na mwenye jengo, hata kama ni ya ziara kwa ziara. Bila karatasi ya ziara ya bezi, nguzo zisiruhusiwe. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka Ijumaa Kuu asubuhi na kuua watu 36. Kati ya waliofikishwa mahakamani walikuwamo wahandisi. Siku kama ile kila mtu anatafuta muhuri ni wa nani. Ningependa lipatikane pia jibu la nani alikuwa akilipwa kuwapo, kwa kiasi gani, na mara ya mwisho alilipwa lini.

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa nyuma ya kwangu. Kuna kiwanja nguzo zake zimefika ghorofa ya tatu, zege la jamvi bado bichi, mirunda imejaa. Nikamsalimia fundi, nikamuuliza injinia wao ni nani.

"Yupo," akasema. "Aligonga muhuri mwaka juzi."